D.O. Misiani: Mzee wa Gitaa Kutoka Shirati Ambaye Gatwekera Haijawahi Kumsahau

Shuka Olympic Jumamosi jioni, uanze kuteremka mdogo mdogo ukiingia Gatwekera. Kabla macho yazoee giza la vichochoro, masikio yako yatakuwa yameshakuambia uko wapi. Kwa kinyozi kuna gengetone inapiga hadi mabati yanatetemeka. Mbele kidogo, kwa jamaa wa kuchaji simu, ni Bongo Fleva. Halafu unafika kwa mathe anauza omena, na hapo kwa redio kadogo kameshikiliwa na waya unasikia kitu kingine kabisa. Gitaa moja inakimbia, ingine inaifukuza, besi inaruka ruka katikati kama mtoto anacheza kati, na sauti ya mwanaume inasimulia stori kwa Kijaluo bila haraka.

Hiyo, msee, ni benga. Na kama wazee wa hapo nje wameacha kupiga draft, wameinua vichwa na wananyamaza ndio wasikie maneno, basi kuna uwezekano mkubwa anayeimba ni Daniel Owino Misiani. D.O. mwenyewe.

Najua wengi wenu mnaosoma hii mlikuwa bado mnabebwa mgongoni wakati huyu mzee aliondoka. Alikufa tarehe 17 Mei 2006, Kisumu, kwa ajali ya barabarani. Alikuwa na miaka 66. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini buda wako hunyamaza hiyo ngoma ikiingia, au kwa nini kuna wimbo wa Kijaluo anaujua mstari kwa mstari na hata yeye si Mjaluo, kaa chini nikupe stori.

Mtoto wa upande ule mwingine wa mpaka

Kitu ya kwanza yenye itakushangaza ni hii. Msee anayeitwa na wengi babu wa benga, muziki unaosemekana ni wa Kenya kuliko muziki wowote, hakuzaliwa Kenya.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 huko Shirati, mkoa wa Mara, nchi iliyokuwa inaitwa Tanganyika. Ukiangalia ramani, Shirati iko pale ukingoni mwa Ziwa Victoria, karibu sana na mpaka wa Kenya. Wajaluo wa hapo na Wajaluo wa Migori ni watu wamoja. Wanaoana, wanazikana, wanakula samaki wa ziwa moja. Ni Wajerumani na Waingereza walikuja karne ya 19, wakachora laini kwa karatasi, na siku moja watu wakaamka wakiwa na majirani wa nchi ingine. Kumbuka hiyo laini. Itarudi kwa hii stori, na ikirudi itakuwa na askari.

Nyumbani kwao kuimba hakukuwa kitu kigeni. Wazazi wake walikuwa waimbaji, lakini wa nyimbo za Mungu. Gitaa kwao ilikuwa chombo cha walevi na watu waliopotea. Stori inayojulikana sana kuhusu ujana wake ni kwamba gitaa yake ya kwanza haikudumu: ilivunjwa na watu wa kwao, ndio kijana aokoke kutoka kwa hiyo njia.

Sasa hebu fikiria. Wale wanaopenda rock watakuambia kuhusu Jimi Hendrix, venye mwaka wa 1967 alipiga gitaa yake moto kwa stage kule California na watu wakapiga nduru. Ilikuwa noma, sikatai. Lakini Hendrix aliichoma yake mwenyewe, na alijua atapata ingine. Kijana wa Shirati alivunjiwa, na kupata ingine kijijini miaka hiyo hakukuwa mchezo. Bado akatafuta.

Kenya, na gitaa inayoongea kama nyatiti

Miaka ya 60 ndio alivuka kuja Kenya. Ilikuwa wakati mtamu kwa muziki. Wanajeshi waliopigana vita vya pili vya dunia walikuwa wamerudi nyumbani na magitaa na mitindo ya huko walikoenda. Kutoka Kongo, wasee kama Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo walikuwa wameonyesha Afrika Mashariki yote kwamba mtu mmoja na vidole vyake anaweza kufanya gitaa isikike kama watu wawili. Twist ilikuwa inachezwa, rumba ilikuwa inaingia, na kila kijana mwenye masikio alikuwa anatafuta kamba za kukwaruza.

Wajaluo nao walikuwa na kitu chao cha kitambo: nyatiti. Kama hujawahi kuiona, ni chombo cha kamba 8. Mpigaji anakaa chini kabisa, anadonoa kamba kwa vidole, na huku kidole kikubwa cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga ukingo wa hicho chombo. Yaani huyo msee mmoja ni mpiga gitaa, mpiga ngoma na mwimbaji, yote kwa mpigo. Na mwimbaji wa nyatiti hakuwa wa kuburudisha tu. Kwa matanga na kwa sherehe, yeye ndiye aliyejua ukoo wa nani ni upi, nani alimsaidia nani, nani ni mchoyo. Alikuwa gazeti la kijiji. Ukimkosea leo, kesho umeimbwa.

Benga ilizaliwa pale vijana walipochukua hiyo midundo ya nyatiti na kuihamisha kwa gitaa. Misiani hakuwa peke yake. Kulikuwa na George Ramogi, kulikuwa na Collela Mazee na Ochieng Nelly wa Victoria Jazz, na wengine wengi. Lakini Misiani alikuwa kati ya wale waliowahi kuingia studio mapema, katikati ya miaka ya 60, na hakuachilia hadi kifo. Bendi yake ilibadilisha majina mara kadhaa, ikaitwa Victoria Boys, ikaitwa Luo Boys, mwishowe likabaki jina lile la kijiji chake: Shirati Jazz.

Usikilize vizuri venye hiyo ngoma imejengwa. Mwimbaji anaanza kusimulia, na gitaa ya solo inamfuata nyuma ikirudia sauti yake, kama rafiki anayeitikia kwa kichwa. Anasema, inajibu. Anasema, inajibu. Halafu maneno yanaisha. Hapo ndio magitaa yanaachiliwa kama mbuzi waliofunguliwa zizi, kila moja na njia yake, ngoma inapiga moja kwa moja bila kupumzika, na kama ulikuwa umekaa huna budi usimame. Ukienda matanga ya usiku Gatwekera, disko likifika hiyo sehemu, hata yule shosh aliyekuwa analia anapanguza machozi na kusogeza mabega. Hiyo si kukosa heshima. Hapo ndipo kilio kinapata mahali pa kupitia.

D.O. asiye na ofisi

Zamani serikali ya Kenya ilikuwa na mkubwa aliyeitwa D.O. Huyo alikuwa mtu wa kofia, Land Rover na askari. Akija baraza watu walisimama. Sasa huyu msee wetu naye akawa anajiita D.O., Daniel Owino, na bendi yake ikaandikwa kwa sahani za santuri kama D.O. 7 Shirati Jazz. Yule wa serikali aliita baraza, watu wakaenda kwa kulazimishwa. Huyu aliita baraza kwa gitaa, watu wakalipa kuingia.

Miaka ya 70 ilikuwa miaka yake. Nairobi, biashara ya muziki ilikuwa River Road na vichochoro vyake. Maduka yalikuwa yamepangana, kila moja na spika mlangoni, kila moja likitaka kumaliza lingine. Sahani zilikuwa zile ndogo zenye upande wa kwanza na wa pili. Wimbo wa benga ulikuwa mrefu, kwa hivyo sehemu ya kwanza ilikaa upande huu, halafu unageuza ndio upate ile raha ya magitaa. Msee aliyefanya kazi mjini akipanda basi ya kwenda nyumbani Desemba, alibeba mkate, sukari, na sahani mpya ya D.O. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa inaonyesha kweli umetoka Nairobi.

Na hiyo benga ilisafiri mbali kuliko hata wapigaji wenyewe. Phares Oluoch Kanindo, aliyekuwa anatoa rekodi za benga na baadaye akawa mbunge, aliuza muziki huu hadi kusini mwa Afrika. Zimbabwe waliupenda hadi wakaanza kuuita kanindo, kwa jina lake. Kutoka hapo, wakichanganya na vyao, ukatokea muziki wao wa sungura unaopigwa mpaka leo. Yaani kuna kijana Harare anacheza densi kwa hatua zilizoanzia ukingo wa Nyanza, na pengine hajui.

Maneno ndiyo yalikuwa shida

Kama angekuwa anaimba tu kuhusu warembo, angekula maisha kwa amani. Aliimba mapenzi pia, usidhani alikuwa anahubiri kila siku. Lakini Misiani aliitwa Mfalme wa Historia, na hilo jina halikuja bure. Alirudi pale pale kwa kazi ya mzee wa nyatiti: kukumbuka kwa sauti.

Angalia ni miaka gani alikuwa anaimba. Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Oktoba mwaka huo huo damu ikamwagika Kisumu wakati wa ziara ya Rais Kenyatta, chama cha Jaramogi Oginga Odinga kikapigwa marufuku na yeye mwenyewe akawekwa ndani. J.M. Kariuki akauawa 1975. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982, hata kunong'ona kulikuwa hatari. Robert Ouko akauawa Februari 1990. Redio ilikuwa moja tu, ya serikali. Magazeti yalijua wapi pa kukata sentensi.

Kwa hiyo Misiani akatumia akili. Akachukua hadithi za Biblia, zile alizozijua tangu utotoni kwao, na hadithi za wanyama wa porini. Wimbo ulikuwa kuhusu mfalme fulani wa kale, au mnyama fulani mchoyo. Aliyetaka kucheza alicheza. Aliyetaka kuelewa alielewa. Na polisi akija kuuliza, wimbo si ulikuwa wa wanyama?

Kuna kejeli hapo, kama umeiona. Wazazi waliovunja gitaa ili mtoto asiache Biblia, mtoto akaibeba Biblia yenyewe ndani ya gitaa, na ikamkinga.

Lakini haikumkinga kila wakati. Serikali nazo zina watu wanaojua Kijaluo. Alikamatwa si mara moja, akalala ndani, akatoka, akaimba tena. Na walikuwa na rungu lingine ambalo hawakuweza kumpigia msanii mwingine wa benga: wewe ni Mtanzania. Ukiendelea, tutakurudisha kwenu.

Sasa ile laini niliyokuambia ukumbuke. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Ulikaa umefungwa hadi 1983. Weka hiyo kwa akili. Huyu ni mtu ambaye nyumbani kwao kuko hapo tu, karibu vya kutosha upepo wa ziwa unapita bila pasipoti, na serikali mbili zimenuniana. Huku anaambiwa yeye ni mgeni. Mashabiki wake wote wako huku. Bendi yake inaitwa kwa jina la kijiji kilicho upande ule. Msanii mwingine angeimba salamu na kunyamaza. Yeye aliendelea kuuliza maswali kwa wimbo, akijua kila swali linaweza kuwa tiketi ya kufukuzwa.

Ndio maana nikisikia mtu anasema benga ni muziki wa wazee kuchezea pombe, huwa nacheka tu. Kuna watu walilala seli kwa hizo nyimbo.

Dunia ikamsikia, mifuko ikabaki myepesi

Miaka ya 80 ilikuja na kanda. Kanda ilikuwa rahisi kubeba, na rahisi zaidi kuiba. Mtu ananunua moja, kesho anauza hamsini alizonakili kwa mashine. Ile biashara ya sahani iliyolisha River Road ikaanza kukohoa. Wewe unayejua venye ngoma inaibiwa na kuwekwa mtandaoni kabla msanii alale, hiyo vita si mpya. Wazee wa benga waliipigana kabla yako, na wengi walishindwa.

Wakati huo huo, Wazungu wakaanza kuskia. Muziki wa Shirati ukatolewa Uingereza, na mwaka wa 1989 zikatoka albamu mbili zilizopeleka jina lake mbali. Moja ni Benga Blast!, ya Earthworks. Nyingine ni Piny Ose Mer, ya GlobeStyle. Hilo jina la pili kwa Kijaluo ni kusema dunia imelewa. Fikiria tu mwaka wenyewe: kwetu chama ni kimoja, watu wanapiga kura kwa kupanga foleni mchana peupe, na mzee anatoa albamu ya kusema dunia imelewa. Msee hakuwa anaongea na pombe.

Lakini usidhani kusifiwa London kulimfanya tajiri wa Karen. Alirudi kwa kazi ile ile ya mwanabenga: kusafiri usiku, kupiga hadi alfajiri, kulipa vijana wa bendi, kutengeneza gari, kuanza tena.

Moi alitoka 2002, nchi nzima ikaimba kwamba mambo yamebadilika. Misiani alikuwa amepita miaka 60, angeweza kupumzika na kula matunda ya siasa mpya kama wengine. Badala yake, serikali ya Kibaki ilipoanza kugombana yenyewe na ahadi kuvunjwa, akatoa wimbo kuhusu nyani, Bim en Bim. Nyani ni nyani. Ulimbadilishia nguo, ulimpa kiti kipya, bado ni nyani. Watu Kisumu na Kibera walijua ni nani anaambiwa. Mzee alikuwa ameona marais watatu, na hakuna hata mmoja aliyempata kwa bei.

Ile Jumatano ya Mei

Halafu 17 Mei 2006 ikafika, na Kisumu ikawa mahali pa mwisho. Hakufia seli. Hakufukuzwa nchi. Risasi haikumpata. Ni barabara, ile ile inayotumaliza sisi wote, mwenye jina na asiye na jina. Msee aliyeshinda miongo minne ya hatari akachukuliwa na ajali.

Usipite Gatwekera bila kufikiria kitu kimoja. Haikufika miaka miwili baada ya kifo chake, Kenya ikalipuka. Kura za Desemba 2007 zikageuka moto, Gatwekera na vijiji vingine vya Kibera vikaona yale vilivyoona, na reli inayopita hapo ikang'olewa na vijana. Majirani waliokunywa maji ya mtungi mmoja wakaanza kuulizana kabila. Sisemi mzee alitabiri. Nasema tu kwamba kwa miaka 40 alikuwa anasimulia venye wakubwa wanagombana na wadogo wanaumia, na wengi wetu tulikuwa tunangoja ile sehemu ya magitaa.

Mwaka wa 2010 kampuni ya Sterns ya London ilikusanya nyimbo zake za miaka ya 70 na kuzitoa kwa jina The King of History. Ni sawa, ni heshima. Mtu yuko Ulaya anaweza kuzinunua akiwa kitandani. Lakini kumbukumbu yake ya kweli haiko kwa hiyo kampuni.

Iko kwa huyo mathe wa omena, asiyebadilisha stesheni. Iko kwa fundi wa viatu anayepiga msumari akifuata besi. Iko kwa bodaboda wa miaka 20 ambaye hakuwahi kumwona mzee hata siku moja, lakini ameweka gitaa lake kama mlio wa simu kwa sababu ndio fathe yake alikuwa anapiga Jumapili wakioga. Huyo kijana haelewi nusu ya maneno, ju amekulia Kibera na Kijaluo chake ni cha kuomba chakula. Hapo ndio kuna hatari yenyewe. Magitaa hayatapotea, magitaa yana miguu. Lakini ule ujumbe uliofichwa ndani ya wanyama na wafalme, ule uliomfanya alale ndani, unahitaji mtu wa kuufungua. Na wenye funguo wanazeeka. Kila matanga ya mzee hapo mtaani, funguo moja inaingia kaburini.

Kwa hivyo fanya hivi. Wikendi hii ukiwa na buda wako, au guka, au kwaru, au huyo mzee wa ploti anayekusumbua kuhusu rent, mchezee wimbo mmoja wa Shirati Jazz kwa simu yako. Usiongee. Ngoja anyamaze, ngoja uso ubadilike. Halafu muulize huyo mnyama kwa wimbo alikuwa nani.

Na uwe na muda, msee, ju jibu halitakuwa fupi.